“Mbona juzi alikula na hakudhurika?” Mzio wa mtoto na hatari ya mara ya pili

“Mbona juzi alikula na hakudhurika?”

Kauli hii husikika sana kwenye zahanati na hospitali zetu. Mtoto amevimba midomo, macho yamefumba, mwili umejaa mabaka yanayowasha, na mama haelewi. Ni samaki yule yule aliyemla wiki iliyopita. Ni dawa ile ile ya maji aliyopewa mwezi uliopita alipokuwa na kikohozi.

Wengi wetu tunaamini kwamba kitu kikishapita salama mara moja, mtoto ameshakizoea. Kwa mzio, ambao mitaani tunauita aleji, mambo huenda kinyume. Mara za mwanzo mwili hujifunza kimyakimya. Mara inayofuata ndipo hushambulia.

Wiki hii tuangalie kwa nini iko hivyo, dalili zipi hazitaki kusubiri, na jambo moja ambalo mzazi anaweza kulifanya leo akiwa na kalamu na simu yake tu.

KINGA YENYE NGUVU ILIYOKOSEA ADUI

Mzazi akiambiwa mtoto ana mzio, mara nyingi husema, “Kinga yake ni dhaifu.” Huenda dukani kutafuta dawa ya kuongeza kinga. Hapo anakosea njia. Mzio hautokani na kinga dhaifu. Unatokana na kinga inayofanya kazi kwa nguvu zote dhidi ya kitu ambacho hakina madhara.

Fikiria sungusungu wa kijiji. Kazi yao ni kulinda usiku dhidi ya wezi. Siku moja wanamkuta mgeni wa watu, hana silaha, amekuja kusalimia ndugu zake. Filimbi inapigwa, kijiji kizima kinatoka na marungu, na katika vurugu hizo wenyeji wanaumia na nyumba zinabomolewa. Mgeni hakuleta ubaya wowote. Uharibifu wote umefanywa na walinzi.

Karanga si sumu. Yai si sumu. Vumbi la godoro si sumu kwa watoto wengi wanaolala juu yake. Kwa mtoto mwenye mzio, kinachoumiza ni jinsi mwili wenyewe unavyopokea vitu hivyo.

MARA YA KWANZA KIMYA, MARA YA PILI VURUGU

Mtoto anapokutana na kitu kipya, iwe kwa kula, kwa kuvuta hewa, kwa kupakwa kwenye ngozi au kwa sindano, kinga yake inaweza kukiandika kimakosa kuwa ni adui. Hapo hutengeneza kingamwili maalumu ziitwazo IgE. Kingamwili za aina hii husaidia mwili kupambana na minyoo na vimelea vingine. Safari hii zimeelekezwa kwenye yai au karanga.

IgE hizo huenda kujibandika kwenye seli ziitwazo seli za masti, ambazo zipo kwa wingi kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kila seli ni kama ghala dogo lenye kemikali ndani yake. Maarufu zaidi kati ya kemikali hizo ni histamini. Wakati huu wote mtoto hana dalili yoyote. Anakula, anacheza, anakwenda shule.

Siku kitu kile kinaporudi, IgE hukidaka na maghala hufunguka kwa dakika chache. Histamini hutanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe maji, ndiyo maana midomo na macho huvimba. Huchokoza neva, ndiyo maana mwili huwasha. Hubana njia za hewa, ndiyo maana mtoto hutoa sauti kama ya filimbi kifuani. Utumbo nao hujikaza, mtoto akatapika. Ikitokea mwili mzima kwa pamoja, presha ya damu hushuka na mtoto hulegea.

Je, vipi kuhusu mtoto aliyedhurika siku ya kwanza kabisa kula yai? Huenda kinga yake ilikwishakutana na yai bila mzazi kujua, kwa mfano kupitia ngozi yenye ukurutu, ambayo hupitisha vitu kwa urahisi kuliko ngozi nzima.

Jambo hili lilishangaza hata wanasayansi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wanaowasha, wa jamii ya yavuyavu. Walimdunga mbwa kiasi kidogo cha sumu hiyo, akaendelea vizuri. Wiki chache baadaye wakamdunga tena kiasi kidogo tu, wakitarajia kwamba mwili wake umeshajenga ulinzi. Badala yake alianza kuhema, akatapika, akaanguka, na ndani ya dakika 25 akafa.

Walitangaza matokeo hayo mwaka 1902 na kuliita tukio hilo anafilaksia, yaani kinyume cha ulinzi. Mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hadi leo madaktari wanatumia neno hilo hilo kwa mzio mkali unaohatarisha maisha.

Neno aleji nalo lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Austria, Clemens von Pirquet. Alikuwa ameona kwamba watoto waliodungwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, wakirudiwa kudungwa, walidhurika haraka zaidi kuliko mara ya kwanza. Somo ni lile lile: mwili unakumbuka.

SI MZIO WOTE UNAOKUJA HARAKA

Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Uingereza, Philip Gell na Robin Coombs, waliigawa mizio katika makundi manne kulingana na jinsi kinga inavyoshambulia. Mzazi hahitaji kuyakariri yote manne. Inatosha ajue kwamba upo mzio wa dakika na upo mzio wa siku.

Mzio wa dakika ndio huo wa IgE. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache na kwa kawaida hauzidi saa mbili. Wachokozi wake wakubwa kwa watoto ni maziwa ya ng’ombe, mayai, karanga, korosho, samaki, kamba, ngano na soya. Wengine ni dawa za jamii ya penisilini kama amoksilini, na sumu ya nyuki na nyigu.

Mzio wa siku huendeshwa na seli zenyewe za kinga, na huchelewa kiasi kwamba mzazi haunganishi chanzo na madhara. Wazazi wa pwani wanaujua mfano mmoja. Mtoto wa kike anachorwa piko nyeusi mikononi kwa ajili ya Idi au harusi. Siku mbili tatu baadaye, wakati mwingine zaidi, ngozi inavimba na kutoa malengelenge kwa kufuata maua yale yale aliyochorwa. Sababu ni kemikali iitwayo PPD, iliyomo kwenye rangi nyingi za kutia weusi nywele. Hina halisi ya majani, inayotoa rangi ya kahawia au nyekundu, ni nadra sana kuleta shida hiyo. Mtoto aliyeungua na piko anaweza kubaki na mzio huo maisha yake yote, na ukubwani akapaka rangi ya nywele akavimba uso mzima.

Hereni za bei ndogo zenye madini ya nikeli hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Sikio linatoa maji na kuwasha, mzazi anadhani limeoza, kumbe ngozi inaikataa nikeli.

Mwingine unaochelewa, na huu ni wa hatari kubwa, ni ule wa dawa zenye salfa. Salfa imo kwenye kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrini, na kwenye vidonge vya SP ambavyo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria. Watu wengi hutumia dawa hizi bila tatizo. Wachache, baada ya siku kadhaa hadi wiki chache, hupata homa, macho kuwa mekundu, vidonda mdomoni na sehemu za siri, kisha ngozi huanza kutoa malengelenge na kubabuka kama iliyoungua. Ukiona hivyo, usimpe mtoto dozi nyingine. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na dawa zote alizokuwa akitumia.

DALILI ZISIZOTAKA KUSUBIRI

Mabaka machache yanayowasha, mtoto akiwa anacheza na kupumua vizuri, si jambo la kukimbizana. Dawa kama setirizini au piritoni, kwa kipimo cha umri wake alichoelekezwa na mhudumu wa afya, humsaidia. Endelea kumtazama kwa saa kadhaa.

Hali hubadilika mtoto anapoonyesha mojawapo ya haya baada ya kula kitu, kupewa dawa au kuumwa na mdudu:

– Kupumua kwa shida, kifua kutoa sauti ya filimbi, au kikohozi cha ghafla kisichokatika.

– Sauti kukauka, ulimi kuvimba, kushindwa kumeza, mate kumtoka.

– Kupauka, kulegea, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuzimia.

– Kutapika mfululizo au tumbo kuuma sana, pamoja na mabaka au uvimbe.

Zingatia kwamba wakati mwingine ngozi haionyeshi kitu. Mtoto anaweza kubanwa na pumzi bila kuwa na baka hata moja.

Hiyo ndiyo anafilaksia, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje. Adrenalini hufungua njia za hewa, hupunguza uvimbe na hurudisha presha ya damu. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Piritoni haiwezi kufanya kazi hiyo. Hupunguza muwasho, lakini haifungui koo lililoziba. Mzazi anayempa mtoto piritoni na kukaa kusubiri aone itakuwaje anapoteza dakika ambazo hazirudi.

Katika nchi nyingi za Afrika ni nadra kupata sindano za adrenalini za kukaa nazo nyumbani, kwa hiyo kinachookoa ni kufika haraka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Njiani mlaze mtoto chali na miguu iinuliwe kidogo. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Kama anatapika, mlaze ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla. Ukipata gari ambalo anaweza kulala, ni bora kuliko bodaboda. Ikiwa bodaboda ndiyo pekee iliyopo, usingoje gari.

Kama ameumwa na nyuki, toa mwiba haraka kwa kuukwangua na ukucha.

Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Maziwa hayasimamishi mzio, na mtoto aliyelegea anaweza kupaliwa.

Ukifika, usianze na historia ndefu. Sema: “Sista, mtoto amekula karanga nusu saa iliyopita, amevimba na anapumua kwa shida. Anahitaji adrenalini?” Hata akipata nafuu, kubali kubaki chini ya uangalizi kwa saa utakazoambiwa. Wapo watoto ambao dalili huwarudia baadaye, bila hata kula tena kitu kile.

Mtoto mwenye pumu isiyodhibitiwa na pia ana mzio wa chakula yuko kwenye hatari zaidi. Kwake, dawa ya pumu ya kila siku ni sehemu ya ulinzi, asiache kwa sababu ameonekana mzima.

USIMNYIME CHAKULA KWA KUBAHATISHA

Baada ya kusoma hayo, mzazi anaweza kuogopa na kuanza kufuta vyakula: mayai yaondoke, samaki waondoke, karanga ziondoke kwenye uji. Tafadhali usifanye hivyo kwa kukisia. Mtoto anayenyimwa mayai, maziwa na samaki bila sababu anaweza kuishia na utapiamlo.

Si kila kinachomsumbua mtoto baada ya kula ni mzio. Mtoto anayejaa gesi na kuharisha baada ya maziwa huenda utumbo wake unashindwa kusaga sukari ya maziwa. Hilo halihusu kinga. Upele unaotokea wakati wa homa mara nyingi huletwa na virusi.

Kwa karanga hasa, sayansi imegeuza ushauri wa zamani. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa London na wa Tel Aviv. Wale wa London walikuwa na mzio wa karanga takriban mara 10 zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba watoto wa Israeli hulishwa vyakula vya karanga tangu wakiwa wachanga, na wa London walikuwa wakizuiwa.

Timu hiyo, chini ya Profesa Gideon Lack, ikafanya jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Watoto 640 wenye umri wa miezi 4 hadi 11, waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lililishwa karanga mara kwa mara, jingine likazuiwa. Walipofikisha miaka mitano, waliokuwa na mzio wa karanga walikuwa kama watoto 17 kati ya 100 kwenye kundi lililozuiwa, na kama 3 kati ya 100 kwenye kundi lililolishwa.

Kwa hiyo mama anayeweka karanga zilizosagwa kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita hafanyi kosa. Chagua karanga safi zisizo na ukungu ili kuepuka sumukuvu. Saga laini kabisa, kwa sababu karanga nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo. Anza na kidogo, mchana, ukiwa naye karibu. Kama ana ukurutu mkali au amewahi kuvimba baada ya kula yai, muone daktari kwanza. Na kama amekwisha kudhurika na karanga, usimjaribu tena nyumbani hata kwa punje.

ANDIKA, USITEGEMEE KUKUMBUKA

Sasa tufike kwenye kalamu na simu. Kinga ya mtoto haisahau, lakini sisi tunasahau. Mwaka unapita, mtoto anaugua mkiwa safarini au kwa bibi yake, mhudumu anauliza, “Ana aleji na dawa yoyote?” Anajibiwa, “Hapana,” na aliyejibu hakuwepo siku ile.

Mtoto akidhurika, piga picha mbili kabla dalili hazijatoweka: ngozi yake, na chupa au pakiti ya kitu alichotumia. Kama anabanwa na pumzi, picha zisubiri, mkimbize kituoni. Kisha andika kwenye kadi yake ya kliniki mambo matano: jina kamili la kitu, kiasi alichotumia, dalili zilianza baada ya muda gani, dalili zilikuwa zipi, na alitibiwa vipi. Mfano: “Amoksilini ya maji, kijiko kimoja. Baada ya dakika 20 mabaka mwili mzima, midomo ikavimba. Alichomwa adrenalini.”

Kuandika neno “aleji” peke yake hakutoshi. Marekani, karibu mtu 1 kati ya 10 husema ana mzio wa penisilini, lakini wanaothibitika ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Wengi walipata upele wa ugonjwa, au kichefuchefu tu, wakabandikwa jina hilo maisha yao yote na kukosa dawa nzuri. Maelezo kamili humsaidia daktari kujua nani azuiwe kabisa na nani anaweza kupimwa kitaalamu. Kipimo hicho hufanyika hospitalini, si jikoni wala duka la dawa.

Mwisho, waambie wote wanaomlisha mtoto: bibi, shangazi, dada wa kazi, mwalimu wa chekechea. Usiwaambie tu kwamba “hapendi karanga,” maana watambembeleza aonje. Waambie kinachotokea akila, na wafanye nini kikitokea. Kisha wape namba yako ya simu na jina la kituo cha afya cha karibu.

Fungua kadi ya kliniki ya mwanao jioni hii. Kama kuna siku aliwahi kuvimba na haijaandikwa, iandike kabla hujalala.

Wiki ijayo: pumu ya mtoto, na kwa nini dawa ya kuvuta haimfanyi kuwa tegemezi.

Makala haya ni kwa ajili ya elimu na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wa mtoto wako.